Tuna ISO 22000 tayari: halali iingizwe wapi kwenye ghala na usafirishaji?

Mdau_Biskuti
Wakuu, salaam. Kiwanda kinatengeneza biskuti zenye krimu. ISO 22000:2018 (kiwango cha kimataifa cha usalama wa chakula) ipo na HACCP (mfumo wa kuchambua na kudhibiti hatari za chakula) inafanya kazi. Wanunuzi sasa wanadai cheti cha halali, na mkaguzi atafuata mnyororo mzima, kuanzia malighafi hadi mlangoni kwa mnunuzi. Magari ni ya kukodi, ghala tunachangia na kampuni nyingine. Tuandike mfumo mpya, au tuuingize kwenye huu uliopo? Na magari yasiyo yetu tunayadhibitije?

Afisa_Ubora
Mkuu, ingiza kwenye huo huo. Mafaili mawili yakishaanza kupingana, wafanyakazi hufuata lile jepesi. Ila usidhani HACCP imeshaimaliza kazi. HACCP inakubali hatari ipunguzwe: bakteria wanakufa kwenye oveni. Najisi haiondoki kwa moto wala haina kiwango kinachovumilika, kwa hiyo kizuizi kikae kabla ya mchanganyiko. Kwenye jedwali la uchambuzi wa hatari ongeza safu tatu: asili ya kitu, mahali kinapoweza kugusana na kisicho halali, na nani mwenye mamlaka ya kusimamisha kazi.

Kwa biskuti, anzeni na E471 (kiungo cha kuchanganya mafuta na maji; inaweza kutoka kwenye mafuta ya mimea au ya mnyama), E920 ya kulainisha unga (kuna ya manyoya, ya nywele na ya uchachushaji), unga wa jibini kwa sababu ya kimeng'enya chake (huweza kutoka kwa mnyama), na vitamini zilizofunikwa kwa jelatini (hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama). Halafu vitu ambavyo havimo kwenye orodha ya viungo: grisi ya mitambo, mafuta ya kupakia trei, brashi za nywele za mnyama. Brashi badilisheni ziwe za nailoni, mjadala uishe.

Cheti cha muuzaji kisomwe vizuri: jina la bidhaa, anwani ya kiwanda kilichoizalisha, tarehe ya mwisho. Kosa linalojirudia ni muuzaji kuhamishia uzalishaji kiwanda chake kingine huku cheti kikibaki cha kile cha zamani. Linganisheni anwani ya kwenye mfuko na ya kwenye cheti kila shehena inapopokelewa.

Boharini
Someni MS 2400, kiwango cha Malaysia cha mnyororo wa ugavi wa halali, toleo la 2019. Ina sehemu tatu: usafirishaji, ghala na uuzaji wa rejareja. OIC/SMIIC 17, kiwango cha taasisi ya viwango ya nchi za Kiislamu, nayo imegawanywa hivyo hivyo.

Gari la kukodi hudhibitiwa kabla ya kupakia, pale mlangoni. Dereva aonyeshe rekodi ya mizigo iliyotangulia na ya usafishaji. Mtu wenu wa mlangoni akague sakafu, kuta, pembe na harufu, kisha baada ya kupakia aandike namba ya lakiri (kifungio chenye namba cha mlango wa gari) kwenye hati ya mzigo. Namba ikitofautiana kule kwa mnunuzi, mzigo unawekwa kando mpaka maelezo yapatikane. Katoni zilizofungwa zina hatari ndogo. Tangi la mafuta au la sharubati ni jambo jingine kabisa, kwa sababu bidhaa inagusa chuma moja kwa moja.

Chombo kilichowahi kubeba nguruwe, kwa utaratibu wa Malaysia, huoshwa mara saba, mojawapo kwa maji yaliyochanganywa na udongo, chini ya usimamizi wa mamlaka ya dini. Hapo usafi wa kawaida bado unahitajika, maana udongo nao una vijidudu. Na kukibadilisha chombo hicho hicho mara kwa mara, leo nguruwe kesho halali, hakuruhusiwi. Ni nafuu kukataa gari.

Ghala la kuchangia: eneo lenu liwekewe alama na mipaka, paleti zenu zisitoke, na rafu yenu isiwe chini ya bidhaa zinazoweza kuvuja. Bidhaa zilizorudishwa na wateja zisirudi rafuni moja kwa moja, kwani haijulikani zilikaa na nini huko.

Mdau_Biskuti
Nimewaelewa. Na vipimo vya maabara je? Bosi anaamini kipimo cha vinasaba (DNA) kitatosha.

Afisa_Ubora
Hakitoshi. Mafuta yaliyosafishwa sana na jelatini iliyochemshwa sana hubaki na vinasaba kidogo au vilivyokatikakatika, kwa hiyo jibu safi si uthibitisho. Kipimo kitumike kukagua nyaraka, kisichukue nafasi yake.

Fanyeni zoezi la ufuatiliaji: chukueni bechi moja, mrudi nyuma hadi kila mfuko wa malighafi, kisha mwende mbele hadi gari, lakiri na mpokeaji. Pigeni na hesabu ya uzito. Mkiwa mlipokea kilo 500 za E471, zikatumika 470 na ghalani zipo 20, hizo kilo 10 zitafutwe. Ama upotevu haukuandikwa, ama kuna bechi haikurekodiwa.

Boharini
Nyongeza ya mkataba wa usafirishaji, maana wengi huisahau: gari likiharibika njiani, mzigo usihamishiwe gari jingine bila idhini yenu ya maandishi na lakiri mpya. Lakiri ya awali inakatwa hapo hapo barabarani, na ukaguzi wote wa pale mlangoni unakuwa umehusu gari lililobaki nyuma.