Shule ya serikali imemruka mwanangu kwenye kumi bora kisa deni la 18,000!

Wakuu salaam. Nimejizuia tangu Ijumaa nikasema labda hasira zitapoa. Hazijapoa. Wale wa "si umpeleke shule ya kulipia" naomba mpite kimya kimya, leo sina nguvu za kubishana.

Mimi ni fundi cherehani hapa Dar. Anayeijua kazi hii anajua Desemba ndiyo mavuno yetu, sare za shule zinajaa mpaka mlangoni. Ijumaa niliacha sketi kumi na nne zimekatwa hazijashonwa, nikafunga fremu, nikaenda shuleni, kwa sababu tuliletewa barua kwamba siku ya kufunga shule kila mzazi afike mwenyewe kuchukua ripoti.

Binti yangu anamaliza darasa la tano. Wako 138 darasani. Sijakosea kuandika, ni 138, na kiwango cha serikali ni watoto 45 kwa darasa. Hilo nalo lina uzi wake, tuliache.

Tukakaa chini ya mwarobaini. Mwalimu mkuu akasema kidogo kuhusu masomo, akasema sana kuhusu michango, halafu ikaja kumi bora ya kila darasa. Anayetajwa anapita mbele, anapewa kaunta buku na kalamu mbili, tunapiga makofi. Wakafika darasa la tano. Wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka wa sita. Halafu nikasikia, "Wa nane."

Nikajua masikio yangu yana shida. Mama mmoja pembeni akasema, "Mbona wamemruka wa saba?" Watoto nao hawajui kuficha, wakaanza kugeuka mmoja mmoja kumtazama binti yangu. Alikuwa mstari wa nyuma, kashika pindo la sketi niliyomshonea kwa mkono wangu, analizungusha kidoleni, anaangalia chini. Alikuwa anajua! Alhamisi walishaambiwa darasani kwamba wadaiwa hawatasomwa. Hakuniambia usiku ule kwa sababu aliniona nahangaika na sketi za watu.

Wakuu, yule ni mtoto wa miaka kumi na moja. Amebeba deni langu usiku mzima kimya.

Nikamfuata mwalimu wa darasa. Kwa heshima zote, maana nilijua nikipandisha sauti mtoto ndiye atakayelipia mwakani. Akafungua daftari lake, akaniwekea kidole kwenye wino mwekundu: mlinzi 4,000, karatasi za mitihani 6,000, madawati 8,000. Jumla 18,000. Nikamwuliza, mwalimu, hii michango si ni ya hiari? Akasema, "Ndiyo mzazi, ni ya hiari, ila makubaliano ya kikao ni kila mtu alipe." Nirudie hapo? Hiari, ila kila mtu alipe. Na asiyelipa mwanawe anafutwa kwenye hesabu, sita inafuatwa na nane.

Naomba nisieleweke vibaya. Madawati sikatai, nimeyalipia mwaka juzi na mwaka jana, ingawa mwanangu bado anakaa wa nne kwenye dawati la watatu. Mlinzi naye anakula. Na ninajua ruzuku haitoshi: serikali inahesabu shilingi 10,000 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa msingi, ukitoa fungu la vitabu inabaki 6,000, yaani 500 kwa mwezi. Chipsi kavu hupati kwa hiyo hela. Mwalimu mkuu anabanwa, naliona hilo. Lakini elimu bila ada tumeimba tangu Januari 2016, na Januari 2018 Rais Magufuli mwenyewe alisimama akapiga marufuku michango ya kulazimisha, akasema mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu ya mchango. Sasa wajanja wamegundua njia: mtoto harudishwi nyumbani, anabaki pale pale, anaaibishwa mbele ya shule nzima. Marufuku haijavunjwa, au siyo?

Unanidai mimi? Nidai mimi. Namba yangu ya simu mnayo, fremu yangu mnapita mbele yake kila siku, walimu wawili pale wamevaa suruali nilizoshona mimi (na mmoja bado namdai, nimenyamaza kwa adabu tu). Mtoto hana mfuko. Mtoto ana alama, na hizo alama amezitafuta mwenyewe.

Nikalipa. Nilitoa kwenye hela ya mteja aliyenitangulizia ya kitambaa, Mungu anisaidie. Risiti? Wakasema nisubiri Januari.

Nikapewa bahasha. Nafasi: 7 kati ya 138. Hisabati A, Kiswahili A, Sayansi na Teknolojia B, Kiingereza C. Chini yake maoni ya mwalimu: "Ana uwezo, aongeze bidii." Njiani nikakutana na jirani, mwanawe kawa wa 112. Nikaomba nione yake. "Ana uwezo, aongeze bidii." Mwandiko uleule, wino uleule. Mwaka mzima tumemwamsha mtoto saa kumi na moja alfajiri, tumesaini madaftari, tumetoa mia mbili mbili za mtihani wa Ijumaa, na sentensi yenyewe ni hiyo. Simlaumu sana kwa hilo, kuandika mara 138 mkono unachoka. Ila daftari la madeni lilikuwa na maelezo kamili, kila mtoto na chake, mpaka tarehe. Kwa hiyo muda wa kumjua mtoto mmoja mmoja upo, inategemea unamjua kwa kitu gani.

Jumatatu nimeenda kwa afisa elimu kata. Kanisikiliza vizuri, kanipa kiti, kisha akaniambia yamalizeni shuleni. Nikamwuliza kama kuna waraka unaoruhusu kushikilia ripoti kwa sababu ya mchango. Akasema hapana, ila "tuelewane tu mzazi." Sasa kama kuna mwana jukwaa aliyewahi kupeleka jambo kama hili halmashauri kwa maandishi, aniambie barua inaandikwa kwa nani na nakala iende wapi. Nitaiandika. Sketi zisubiri.

Jana nilimnunulia kaunta buku kubwa, nzuri kuliko ile waliyogawa. Akasema ahsante baba, akaiweka juu ya kabati. Leo mama yake kamwuliza mbona huandikii. Akajibu, "Hiyo ni ya dukani."

Kwenye ripoti kuna sehemu ya maoni ya mzazi, mistari miwili, nisaini irudi shule zikifunguliwa Januari. Mistari miwili! Nimeongezea karatasi nyuma kwa stepla.