Tupeane uzoefu: wapiga kopi wa gitaa kavu huko Pwani, utamjuaje fundi?

Nyota_ya_Paje: Kuanzia Paje mpaka Diani, msimu wa wageni kila baa ya ufukweni ina kijana na gitaa kavu anapiga kopi, yaani nyimbo za wengine. Wengine wamekariri tu, wengine ni moto wa kuotea mbali. Wajuzi, mnamtambuaje? Na nikitaka kumrekodi kwa simu?

FundiNyuzi: Mwangalie gitaa lake kwanza. Mbao hupenda unyevu wa asilimia 45 hadi 55, na Pwani unapita 70 kirahisi. Ubao wa mbele unavimba, nyuzi zinakaa juu mbali na shingo, noti za juu zinatoka nje ya sauti. Fundi hutyuni tena katikati ya shoo, na akimaliza hufuta kila waya kwa kitambaa kikavu, juu na chini, maana chumvi inaleta kutu upesi. Akiona daraja, kile kibao kinachoshika nyuzi kwenye ubao wa mbele, linaanza kubanduka, anashuka kutoka nyuzi za unene wa 012 kwenda 011, nyembamba zaidi, kupunguza mvutano. Halafu kapo, kile kibanio cha shingo ya gitaa: kama sauti yake inakaa kwenye ufunguo wa Bb, anaibana freti (vile vijiti vya chuma shingoni) ya tatu na kupiga kwa umbo la vidole la G. Aliyekariri anang'ang'ania ufunguo wa rekodi, kiitikio kikifika anapiga mayowe.

Bin_Mkunazini: Hapo kwenye kapo umemaliza.

Udi_na_Mrashi: Kapo si kipimo! Mwambie apige taarab asilia. Udi na fidla havina freti, ndiyo maana robo toni (nusu ya nusu toni ya kawaida zinazokaa katikati ya freti) za rasti na bayati, makamu za Kiarabu, zinatoka. Kwenye gitaa lazima abonyeze freti ya chini yake, asukume waya mpaka sauti ifike katikati. Akipiga meja ya kawaida, ladha yote imekwenda.

FundiNyuzi: Ndugu yangu, wageni wanaomba rege. Usimpime kijana wa baa kwa kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa.

Udi_na_Mrashi: Kijana wa Paje yuko Unguja, na kikundi hicho kipo hapo tangu 1905. Apimwe kwa nani basi?

Likasi_Kwetu: Mnagombania freti, mmemsahau Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wa Kongo! Mwaka 1952 Hugh Tracey, mrekodi wa muziki wa Afrika, alimrekodi Jadotville, ndiyo Likasi ya leo. Kidole gumba na cha shahada tu! Gumba linatembeza besi, shahada inaimba, unaapa magitaa ni mawili. Fumba macho, uhesabu magitaa. Kama ni kukwangua juu chini usiku kucha, huyo bado.

Bin_Mkunazini: Mwenda! Kapo ziwekwe kando, mkuu endelea.

Dada_Maiki: Narudi kwa mleta mada. Omba ruhusa kwanza. Kaa mita moja na nusu hadi mbili, si mbele ya spika. Upepo wa bahari uupe mgongo, mwili ukinge simu, na kiganja kisizibe tundu la maiki. Jaribu sekunde 20 za kiitikio. Sauti ikipasuka sogea nyuma, maana iliyopasuka hairekebishiki baadaye. Akitaka kuitoa kama singo yake, wimbo una mtunzi: aanzie kwenye ofisi za hakimiliki, COSOTA kwa Bara, COSOZA kwa Zanzibar, KECOBO kwa Kenya.

Mzee_wa_Besi: Na mtuze mkononi, si kwenye bili.

Nyota_ya_Paje: Wengine wanasema bora bili, kuna risiti.

Mzee_wa_Besi: Risiti ni ya hoteli. Mkononi, halafu chukua namba yake na umuulize kesho anapiga wapi.