Uwanja wa nyumbani Tabora: nyasi bandia, ukoka au pevingi?

MkaziWaIpuli (Tabora)

Habari za jioni, ndugu zangu. Mbele ya nyumba yangu kuna uwanja wenye upana wa mita 6 na urefu wa mita 8, ambao kwa miaka mitatu umebaki udongo mtupu. Kiangazi vumbi lake hufika hadi kwenye vyombo vya jikoni, na mvua zikianza watoto huleta tope sebuleni kwa miguu. Nimedhamiria kulimaliza jambo hili kabla ya Novemba, na nina njia tatu: nyasi bandia, ukoka wa kupanda, au pevingi, yaani matofali ya zege ya kutandika chini, uwanja mzima. Duka moja limenionyesha aina mbili za nyasi bandia. Ya kwanza ina majani ya milimita 10, ni nyepesi na hukunjika kama mkeka. Ya pili ina majani ya milimita 35, na bei yake kwa mita ya mraba ni zaidi ya mara mbili ya ile ya kwanza.

Mambo mawili yanaongoza uamuzi wangu. Mama yangu mzazi ana miaka 74, hutembea kwa fimbo, na hupenda kukaa nje kuanzia saa kumi alasiri. Watoto wangu wawili nao hucheza peku mchana kutwa. Upande wa magharibi wa uwanja kuna mwembe mkubwa, mkongwe kuliko nyumba yenyewe, na huo sitaukata. Naomba maoni ya watu walioishi na vitu hivi majumbani mwao.

BustaniIsevya (Tabora)

Ndugu yangu, kabla hujanunua plastiki, naomba ukoka nao usikilizwe. Hupandwa kwa vipande vyenye vifundo viwili au vitatu, kwa nafasi ya sentimita 15 hivi, na ukiupanda mvua za Novemba zinapoanza, utakuwa umefunika ardhi kabla mvua hazijakatika mwishoni mwa Aprili. Hauhitaji fundi, hauna kiungio cha kubanduka, na mtoto akianguka juu yake hachubuki.

Gharama yake ya kweli ni maji ya kiangazi, na ni haki uijue mapema. Ili ubaki kijani, ukoka unahitaji takribani sentimita 2.5 za maji kwa wiki, na kwa kuwa milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, uwanja wako wa mita za mraba 48 utakunywa lita 1,200 kila wiki, sawa na madumu 60 ya lita 20. Kuanzia Mei hadi Oktoba hiyo ni zaidi ya lita 31,000. Ukishindwa kunywesha, majani yatakauka na kugeuka rangi ya majani makavu, lakini vikonyo vilivyo ardhini hubaki hai na huchipua mvua ya kwanza ikinyesha. Kwa hiyo kinachopotea ni rangi ya miezi kadhaa. Uwanja unabaki kuwa wako.

Udhaifu wake mkubwa ni kivuli. Chini ya mwembe ukoka hunyong'onyea, ukaacha mabaka ya udongo, hata ukinyweshwa kila siku. Nyasi za pemba, zile zenye majani mapana, huvumilia kivuli zaidi.

MamaWaBangwe (Kigoma)

Mimi nilinunua ile ya milimita 10, kwa hiyo naomba unisikilize, mwanangu. Nyumba yetu iko kwenye mteremko, na fundi aliyenitandikia aliiweka moja kwa moja juu ya udongo uliosawazishwa kwa jembe, akabana pembe kwa misumari. Miezi sita ya kwanza kila mgeni aliisifu. Mvua zilipokuja, maji yalipita chini yake, yakachimba mifereji, na kapeti likabaki limening'inia juu ya mashimo kama shuka juu ya kitanda kilichovunjika. Kiangazi cha pili rangi ilikuwa imegeuka kuwa ya samawati iliyopauka, na nilipofagia majani yalikuwa yakikatika na kuja na ufagio.

Jambo lililoniumiza kuliko fedha ni kwamba vipande hivyo vya plastiki vilifuata maji ya mvua hadi mtaroni, na mtaro wetu, kama mitaro yote ya mji huu wa vilima, unaelekea Ziwa Tanganyika. Niliwahi kuvikuta mwenyewe kwenye mchanga wa ufukweni. Maji hayo tunayanywa na dagaa wake tunawala. Niliikunja yote, nikaanza upya na kapeti zuri la milimita 30, safari hii juu ya kokoto iliyoshindiliwa, na huu ni mwaka wa nne halijanisumbua. Naamini aina ya bei rahisi ingefaa zaidi kutandikwa barazani penye paa kwa siku za sherehe, kuliko kuwekwa uwanjani penye jua na mvua.

FundiViwanja (Tabora)

Mama amesema kweli tupu, nami nitaeleza sababu zake. Nyasi bandia za nyumbani hutengenezwa kwa nyuzi za aina tatu. Polipropilini ndiyo rahisi kwa bei. Ni ngumu kwenye ngozi, hulala upesi, na ndiyo inayokutwa mara nyingi kwenye makapeti mafupi. Polietilini ni laini, huinuka baada ya kukanyagwa, na ndiyo ninayoishauri kwa nyumba yenye watoto. Nailoni ina nguvu kuliko zote mbili, lakini ni ghali na hushika joto zaidi. Nyuzi zote hizi, zisipochanganywa kiwandani na kinga dhidi ya mionzi ya urujuanimno, hupauka na kuwa kama makapi, jambo ambalo katika jua letu hutokea mapema.

Usichague kwa urefu wa majani peke yake, kwa sababu majani marefu yaliyopandwa mbalimbali hulala chini mapema kuliko majani mafupi yaliyosongamana. Kunja sampuli mgongo kwa mgongo: ukiona mgongo wake mweusi kirahisi kati ya mistari ya majani, msongamano ni mdogo. Shika fungu moja la majani ulivute kwa vidole. Likitoka, gundi ya mgongo ni hafifu. Igeuze pia uhakikishe kwamba ina matundu ya kupitisha maji. Kisha iombe sampuli hiyo, uiweke juani saa saba mchana kwa nusu saa, na uikanyage peku wewe mwenyewe kabla ya mtoto wako. Kwa mama anayetembea kwa fimbo nisingependa majani ya milimita 35, kwa kuwa ncha ya fimbo huzama na kukwama. Milimita 25 hadi 30 zenye msongamano mzuri zinatosha.

Kazi yenyewe iko chini. Ondoa udongo wa juu kwa kina cha sentimita 10, weka kokoto kwa sentimita 7, shindilia kwa mashine, halafu weka vumbi la kokoto sentimita 3, nyunyizia maji na ushindilie tena. Kwa uwanja wako wote kokoto ni kama mita za ujazo 3.4, lakini agiza 4 kwa sababu hushuka inaposhindiliwa. Mteremko uwe angalau sentimita 1 kwa kila mita, ukielekea mbali na nyumba. Makapeti mengi huja kwa upana wa mita 2, kwa hiyo vipande vitatu vya mita 8, yaani mita 24 za roli, vingefunika pote bila mabaki, mradi majani ya vipande vyote yalale upande mmoja. Kimoja kikigeuzwa, kiungio kitaonekana kutoka barabarani.

Kingo zisiwe za mbao. Maelekezo mengi ya mtandaoni yanashauri mbao kwa sababu yameandikwa katika nchi zisizo na mchwa wetu, na hapa Tabora mbao iliyogusana na udongo inaweza kuliwa kabla mwaka haujaisha. Tumia zege au matofali ya kuchoma. Mwisho, nyunyiza mchanga mkavu uliooshwa na kuchekechwa, takribani kilo 5 kwa kila mita ya mraba, ili majani yasimame na kapeti litulie. Chembe za mpira kama zile za viwanja vya kabumbu usizikubali nyumbani, kwani huongeza joto na huhamia ndani ya nyumba kwa nyayo. Umoja wa Ulaya mwaka 2023 ulipitisha kanuni ya kuzizuia, na ukatoa muda wa kujiandaa hadi mwaka 2031.

MwalimuUjiji (Kigoma)

Naomba niongeze neno juu ya joto, kwa sababu mama wa miaka 74 na watoto wa peku wametajwa tangu mwanzo, na jambo hili haliwezi kupitwa kwa sentensi moja. Nyasi hai hujipoza kwa kutoa maji kupitia majani yake. Plastiki haina njia hiyo, hivyo hupokea jua na kulihifadhi. Mchana wa jua kali uso wa nyasi bandia unaweza kupita nyuzi 60 za Selsiasi wakati hewa yenyewe haijafika 35. Ukimwagia maji hupoa, lakini kwa dakika chache tu.

Tabora na Kigoma zote ziko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na mapema Oktoba. Machi tunalindwa na mawingu ya mvua. Mapema Oktoba mawingu na unyevu ni haba, na ndio wakati ambao uwanja wa plastiki ulio wazi hautakanyagika kwa mguu mtupu tangu saa tano hadi saa kumi. Tena, madirisha yenye vioo vya kuakisi yanaweza kurudisha jua sehemu moja ya kapeti hadi majani yakayeyuka na kujikunja. Mwenye uwanja atazame vioo vyake vinamulika wapi.

Historia ya kitu hiki inafundisha jambo. Nyasi bandia zilipata umaarufu huko Houston, Marekani, mwaka 1966, katika uwanja wa Astrodome uliokuwa na paa. Vipande vya paa vilivyopitisha mwanga vilipakwa rangi ili visiwasumbue wachezaji macho, nyasi hai zikafa kwa kukosa mwanga, ndipo plastiki ikatandikwa. Kwa maneno mengine, zilipewa nafasi pale ambapo jua halikufika. Ndugu yetu wa Ipuli anayo sehemu ya namna hiyo, nayo iko chini ya mwembe wake.

MkaziWaIpuli (Tabora)

Mwalimu, shikamoo, na ahsante sana, maana sikuwahi kulitazama hivyo. Nilikuwa nimeuhesabu mwembe kama kikwazo cha kila njia. Hata hivyo nina hofu mbili: majani na maembe yanayoanguka yatafanya nini juu ya kapeti, na mbwa wetu je, ambaye amezoea kujisaidia upande huohuo?

MamaWaBangwe (Kigoma)

Marahaba ya mwalimu ataitikia mwenyewe. Mimi nakujibu la usafi. Majani makavu yafagiwe kila siku mbili tatu kwa ufagio mgumu wa plastiki, ukifagia kinyume cha mlalo wa majani ya kapeti ili yainuke. Usitumie reki ya chuma, kwani hung'oa nyuzi. Embe lililopasuka liondolewe siku hiyohiyo, na mahali pake paoshwe kwa maji yenye sabuni kidogo ya vyombo, vinginevyo utomvu utanata na vumbi na nzi watakuja. Vumbi la Julai na Agosti huzama hadi chini, kwa hiyo mara moja kila wiki mbili nyunyizia maji kwa mpira.

Kwa mkojo wa mbwa, mwaga maji mengi mara moja, na mara kwa mara siki iliyochanganywa na maji kwa kiasi sawa. Harufu inayobaki hutokana na mkojo ulionaswa mchangani, na ndiyo maana kokoto ya kupitisha maji ni muhimu. Jiko la mkaa lisikaribie kabisa. Cheche moja huacha tundu ambalo halizibiki, na langu la kwanza lilikuwa na matundu manne ya siku moja ya Idi.

AbiriaWaUrambo

Kuhusu pevingi nitasema kwa ufupi, kwa kuwa ninazo. Ni imara na fimbo haikwami, lakini nazo huchoma Oktoba, mtoto akianguka huumia, na maji ya mvua hukimbilia kwa jirani. Ziweke kama njia ya kupita mama, kutoka mlangoni hadi kwenye kivuli.

MkaziWaIpuli (Tabora)

Nimekaa na mama jioni hii, tukapima kwa kamba. Kivuli cha mwembe kinafunika mita 3 za upande wa magharibi kuanzia saa saba, na kinaendelea kurefuka. Tumekubaliana hivi: mita 3 kwa 6 chini ya mwembe ziwe nyasi bandia za polietilini za milimita 30, sehemu yote iliyo wazi iwe ukoka, na njia ya pevingi yenye upana wa mita moja ipite katikati ya ukoka huo. Mama amesema kiti chake kitakuwa kwenye kivuli, na vidole vyake vitafuata ukoka asubuhi kukiwa na umande. Fundi, hapo nimekosea wapi?

FundiViwanja (Tabora)

Umekosea mita moja tu. Kwa mita 3 utahitaji vipande vitatu vyenye viungio viwili, au kipande cha nusu upana kitakachoacha mabaki. Ukifanya mita 4, vipande viwili vya mita 6 vinatosha, yaani mita 12 za roli na kiungio kimoja. Mita hiyo ya nne itapata jua la mchana, ila kufikia saa kumi ya mama kivuli kitakuwa kimeifikia. Ukoka utabaki na mita za mraba 24, pungufu ya njia, kwa hiyo maji yake hayatazidi madumu 30 kwa wiki.

Kuhusu mwembe, usichimbe sentimita 10 karibu na shina. Kwangua udongo wa juu kwa mkono, mzizi utakaokutana nao uache, na uinue kokoto kidogo juu yake badala ya kuukata. Acha duara lisilofunikwa kuzunguka shina, mita moja kutoka shinani kila upande, ulizungushie matofali, na mteremko wa kapeti uelekee huko ili mwembe upate maji ya mvua. Agiza kokoto mwezi huu wa Septemba, kwa sababu mvua zikianza magari hukwama na kushindilia udongo uliolowa ni kazi ya bure.