Mfumo wa uthabiti unaingilia kati kwenye kona za kulia wakati lami ni kavu

Dereva wa Mbeya

Ndugu zangu, naomba msaada katika jambo ambalo mafundi wawili wameshindwa kunieleza sababu yake. Nina gari dogo la mtumba kutoka Japani, linalovutwa na magurudumu ya mbele. Tangu libadilishwe tairodi endi (ncha za vyuma vinavyogeuza magurudumu ya mbele) na kufanyiwa alaimenti, yaani kunyooshwa magurudumu, kila ninapoingia kona ya kulia kwa kasi ya kilomita 60 hadi 70 kwa saa, taa yenye alama ya gari linaloteleza inamwekamweka kwenye dashibodi, nguvu ya injini inapungua, na ninasikia breki ikikoroma upande wa nyuma. Hali hii hunitokea zaidi kwenye barabara ya Mbeya kwenda Chunya, ambayo kona zake wanaoipita wanazifahamu, lakini lami huwa kavu na sikimbizi gari. Kona za kushoto za kasi ileile hazina shida yoyote. Kwenye barabara iliyonyooka usukani umelalia kulia kidogo, ingawa gari linakwenda moja kwa moja. Fundi alichomeka mashine ya kupimia, akasema hakuna kosa lililoandikwa, kisha akanishauri nichomoe fyuzi ya mfumo wa uthabiti, yaani ule unaozuia gari kuteleza. Je, mfumo unaweza kuingilia bila gari kuteleza, na kwa nini upande mmoja tu?

Fundi umeme

Ndugu, fyuzi iache mahali pake kwanza. Ndiyo, mfumo unaweza kuingilia bila gari kuteleza, kwa sababu kompyuta yake haioni barabara. Inalinganisha tu mambo mawili. La kwanza ni kile unachokitaka wewe, ambacho inakikisia kutokana na pembe ya usukani na kasi ya gari. La pili ni kile gari linachokifanya, ambacho inaletewa na sensa inayopima gari linajigeuza kwa kasi gani, pamoja na nyingine inayopima msukumo wa kando. Tofauti kati ya hayo mawili ikizidi kiwango kilichowekwa, inafunga breki ya gurudumu moja na kupunguza nguvu ya injini.

Sasa angalia usukani wako. Umesema umelalia kulia wakati gari limenyooka. Maana yake ni kwamba sensa ya pembe ya usukani inaiambia kompyuta kuwa unakata kulia muda wote. Ukiingia kona ya kulia, kompyuta inaamini umekata zaidi ya ulivyokata, inaona gari halijageuka kiasi hicho, na inahitimisha kuwa pua ya gari inateleza kwenda nje ya kona. Dawa yake kwa hali hiyo ni kufunga breki ya gurudumu la nyuma la ndani ya kona, yaani la kulia, na kukata nguvu ya injini, jambo ambalo linafanana kabisa na ulichokieleza.

Kuhusu upande mmoja tu, sababu yake inafaa kueleweka vizuri. Huenda gari lako lenyewe linageuka pungufu kidogo kuliko hesabu ya kiwandani inavyotarajia. Katika kona ya kulia upungufu huo unajumlishwa na kosa la sensa hadi kiwango kinavukwa, lakini katika kona ya kushoto makosa hayo mawili yanapingana na kupunguzana, kwa hiyo mfumo unanyamaza. Usilidharau kosa kwa kuwa ni dogo: katika gari ambalo usukani wake unapunguza mzunguko kwa uwiano wa 15 kwa 1, digirii 10 za usukani ni takriban digirii 0.7 tu kwenye gurudumu la mbele, ila kompyuta inalipigia hesabu kosa hilo pamoja na kasi, ndiyo maana mjini kwenye mwendo mdogo huoni chochote.

Mashine haikuandika kosa kwa sababu sensa ni nzima. Inasoma sawasawa, ila sifuri yake haiko pale gari linaponyooka.

Mzee wa Gereji

Maelezo hayo nayaunga mkono, lakini ningependa beringi za upande wa kushoto zikaguliwe kabla ya kutoa hukumu. Katika kona ya kulia uzito wa gari hulalia magurudumu ya kushoto, na beringi iliyoanza kulegea huiyumbisha habu (kitovu cha gurudumu), hivyo nafasi kati ya sensa ya kasi ya gurudumu ya ABS, mfumo unaozuia magurudumu kujifunga wakati wa breki, na pete inayozunguka na gurudumu inabadilika na mawimbi ya sensa yanakatika kwa kitambo kifupi sana. Kompyuta inadhani gurudumu hilo limesimama ghafla, na kukatika kwenyewe kunaweza kuwa kufupi mno kiasi cha kutoandikwa kama kosa. Nimekutana na hali hii mara nyingi katika magari yanayopita barabara za vumbi na madaraja yenye matuta.

Njia ya kutofautisha ipo, na haihitaji kubahatisha vipuri. Mtu mmoja aendeshe, mwingine ashike mashine akitazama usomaji wa sensa gari likiwa linatembea. Mstari wa kasi wa gurudumu moja ukianguka ghafla wakati mingine imetulia, tafuta beringi, pete au waya wa gurudumu hilo. Mistari minne ikitulia lakini pembe ya usukani haisomi karibu na sifuri kwenye barabara iliyonyooka, basi mwenzangu yuko sahihi.

Msafiri wa Iringa

Naongeza suala la matairi, kwa kuwa wengi wetu hununua mawili mawili. Tairi la 195/65 R15 lina kipenyo cha milimita 634 hivi. Jipya lenye mifereji ya kina cha milimita 8 na lililobaki na milimita 2 yanatofautiana kipenyo kwa milimita 12, yaani karibu asilimia 2. Katika kona yenye nusu kipenyo cha mita 100, magurudumu ya nje ya gari lenye upana wa mita 1.5 kati ya magurudumu huzidi ya ndani kwa asilimia 1.5 tu. Kwa hiyo tairi kuukuu upande mmoja na jipya upande wa pili linaweza kuipa kompyuta picha ya kona ambayo haipo. Pima upepo wa matairi yote asubuhi kabla hayajapata joto.

Kuhusu fyuzi, katika magari mengi mfumo huu na ABS hutumia kompyuta na pampu moja. Ukichomoa fyuzi unapoteza pia ABS na mgawanyo wa breki kati ya mbele na nyuma, na magurudumu ya nyuma yanaweza kujifunga mapema unapokanyaga breki kwa nguvu ukiteremka mlima. Teknolojia hii ya uthabiti iliingia sokoni mwaka 1995 katika Mercedes-Benz S-Class, na Umoja wa Ulaya umeilazimisha kwa magari yote mapya tangu Novemba 2014 kwa sababu inaokoa maisha. Kuizima ili taa isimwekemweke ni kuondoa ulinzi na kuacha ugonjwa.

Dereva wa Mbeya

Nawashukuru sana. Leo tumetazama usomaji kama Mzee alivyoelekeza. Kasi za magurudumu manne zimetulia kona zote, matairi ni ya aina moja na yamelika sawa, lakini pembe ya usukani inasoma digirii 9 kulia tukiwa tumenyooka. Je, fundi aiweke sensa kwenye sifuri hapohapo?

Fundi umeme

Hapana, ndugu, utaratibu una mpangilio wake. Rudi kwanza kwenye alaimenti, usukani ufungwe ukiwa umenyooka, kisha tairodi za kulia na kushoto zirekebishwe kwa kiasi sawa hadi gari linyooke nao. Baada ya hapo ndipo sensa iwekwe sifuri kwa mashine, gari likiwa limesimama mahali tambarare bila kutikiswa, kwa kuwa katika magari mengi sensa ya kujigeuza nayo huwekwa sifuri wakati huohuo. Ukianza na sensa, usomaji utapendeza lakini tairodi zitabaki hazilingani, na fundi atakayekuja kunyoosha usukani baadaye atauharibu upya usomaji huo kwa upande wa pili.