MJADALA: Benki Kuu (BoT) ishushe riba zaidi? Mimi nasema isubiri kwanza

Wadau, jana pale Kabwe, hapa Mbeya, nikisubiri daladala ya Uyole ulizuka ubishi ambao hadi leo haujanitoka. Jamaa mmoja muuza pembejeo alisema: mfumuko wa bei uko chini, kiasi cha asilimia tatu, korona tumeshaisahau, sasa Benki Kuu inangoja nini? Ishushe riba tukope tulime. Karibu kijiwe chote kikamuunga mkono.

Mimi napinga.

Tangu Januari 2024 BoT inatumia riba elekezi, yaani riba inayoongoza benki zinapokopeshana, iliyoanzia asilimia 5.5. Aprili mwaka huohuo ikapanda hadi 6, Julai 2025 ikashuka hadi 5.75. Haya, nani humu aliingia benki baada ya hapo akaambiwa riba ya mkopo imepungua kwa ile robo ya asilimia? Riba ya mikopo ya kawaida bado inacheza kwenye asilimia 15. Na wengi wetu hata benki hatufiki: tunakopa kikoba, au tunachukua mbolea kwa mali kauli, tulipe viazi vikitoka. Riba ya huko haijui Benki Kuu iko mtaa gani.

Kinachotufikia bila kuchelewa ni bei ya vitu vya nje, na dola tunayovinunulia. Mwaka 2022 korona ilikuwa imeshavuruga meli, vita vya Ukraine vikaongezea, mfuko wa yurea wa kilo 50 ukapita laki na ishirini. Mama mkubwa wangu kule Isongole alinunua mmoja badala ya mitatu, akawa anapima kwa kizibo cha soda, shimo moja nusu kizibo. Viazi vikatoka kama ndimu. Dalali akavicheka, akasema hizi ni mbegu, na bado akataka lumbesa, gunia la kujaza kupita kipimo! Msimu ule riba ya BoT isingemsaidia kitu. Kilichotuokoa ni ruzuku iliyozinduliwa hapahapa Mbeya, Nane Nane ya 2022, mfuko ukarudi 70,000.

Ila kuilinda shilingi ni kazi ya BoT, na hapo ndipo riba inapotugusa. Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa kama 2,300, mwaka unaisha imefika 2,500, tena kwa kuitafuta. Mbolea nyingi tunaagiza nje, dizeli yote tunaagiza nje. Ukishusha riba kwa pupa, wenye hela nyingi wanahamia kwenye dola, shilingi inalegea, na sisi tunalipia dukani kwa muuza pembejeo yuleyule. Nafuu itabaki Dar, hasara ndiyo itapanda mlima Kitonga kuja huku.

(Halafu tusichanganye: mfumuko wa asilimia tatu maana yake bei zinapanda taratibu. Hakuna aliyesema zitarudi za 2019.)

Pale ambapo jamaa wa Kabwe ana hoja ni kwenye bei ya mkopo wa mkulima. Mwaka 2021 BoT iliamua kuzipa nafuu benki zinazokopesha kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10. Hiyo naiunga mkono, kwa sababu inamlenga anayelima bila kuiyumbisha shilingi. Ila mwenye ekari mbili za kurithi, hati hana, aliyewahi kuupata mkopo huo aje hapa atuambie alipitia dirisha gani, na walimdai dhamana ya nini.