Naomba ushauri: nianzie wapi kufundisha historia ya msalaba kwenye sarafu?

Ndugu zangu, ninaandaa somo la historia kwa wanafunzi wa sekondari kuhusu msalaba kwenye sarafu na bendera, na nimekwama mwanzoni kabisa.

Moyo wangu unavutwa na Aksum, ufalme wa kale katika Ethiopia na Eritrea za leo, ambako mfalme Ezana, alipopokea Ukristo katika karne ya 4, aliondoa hilali na duara zilizokuwa juu ya sarafu zake na kuweka msalaba, badiliko ambalo mwanafunzi ataliona mwenyewe akiwekewa picha za sarafu mbili mbele yake. Baadaye zilitoka hata sarafu ndogo za shaba ambazo msalaba wake ulipambwa kwa dhahabu, jambo ambalo hunigusa kila nikilitazama.

Lakini ipo pia peni ya fedha ya Uingereza. Mwaka 1247, chini ya mfalme Henry III, mikono ya msalaba ilirefushwa hadi ukingoni ili sarafu iliyokatwa ukingoni na wezi wa fedha itambulike upesi, na watu waliikata peni hiyo kwa kufuata mistari ya msalaba wapate nusu au robo ya kununulia vitu vidogo.

Je, nianze na Aksum, au na peni ambayo matumizi yake yanaeleweka haraka? Tena, msalaba wa bendera ya Denmark, ambao mstari wake wa wima umesogezwa karibu na mlingoti, mngeuitaje kwa Kiswahili fasaha? Nitashukuru sana kwa maoni ya walimu waliowahi kufundisha mada hii.