Nati za sola zinaanguka, nifanyeje?

Wakuu, nina sola juu ya bati hapa Ujiji, upepo wa ziwa ukivuma usiku fremu inagonga, juzi nimepanda nikakuta nati mbili hazipo na bolti zingine zina kutu.

Jibu: Pole mkuu. Hizo bolti zilizopakwa zinki nyembamba hazikai mvuani, weka za stenlesi (chuma kisichoshika kutu kirahisi), ila paka grisi kwenye thredi (ile mikato ya bolti) kwanza maana ikikazwa kavu inang'ang'ania hata spana haiitoi. Usikaze kupita kiasi pia, inakatika.

Jibu: Washa ya springi, kile kipete kilichokatwa kinachokaa chini ya nati, usiitegemee kwa mtikisiko, tafuta nati zenye plastiki ndani. Halafu chora mstari wa rangi toka nati mpaka fremu, ikigeuka unaona.

Asanteni sana, kesho nachora.